Mlonge Una Ndugu Wengi: Tusinunue Unga Ambao Hatuujui Mti Wake

Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya mti ambao karibu kila familia imeusikia sifa zake. Mti huo ni mlonge. Wengine wanauita mronge, na ndugu zetu wa pwani ya Kenya wanauita mzunze. Wapo wanaouita "mti wa maajabu", na wapo wauzaji wanaosema kuwa unatibu magonjwa 300.

Sisi wauguzi hatuna ugomvi na mlonge. Tumeupanda kwenye bustani ya hospitali yetu na majani yake tunayala. Lakini kuna jambo limetusumbua kwa muda mrefu, nalo ni hili: jina ni moja, miti ni zaidi ya mmoja. Tusipojua kuitofautisha, tutaendelea kupoteza fedha, kukata miti mizuri, na mbaya zaidi, kuwapa watoto wetu vitu tusivyovijua.

Mkoba wa mama mmoja

Siku moja ya kliniki ya watoto alifika mama mwenye mtoto wa miezi kumi na minne. Tulipompima, tukaona mstari wa uzito kwenye kadi umeshuka kwa miezi miwili mfululizo. Utepe wa kupimia mkono nao ulionyesha hali si nzuri.

Tukamwuliza, "Mama, mtoto anakula nini nyumbani?"

"Nampa uji wa mlonge, sista. Asubuhi na jioni. Lakini siku hizi anaukataa, na akinywa anaharisha. Ni mchungu."

Akatoa mkobani mfuko wa nailoni wenye unga wa kijani iliyofifia. Alikuwa ameununua mnadani. Muuzaji alimwambia kwamba unga huo unatosha wenyewe, kwa hiyo mama akaacha kutia karanga na dagaa kwenye uji. Fedha ya karanga na dagaa ndiyo iliyonunua unga. Tukamwuliza kama aliuona mti wenyewe. Hakuuona. Tukamwuliza kama alielezwa ni sehemu gani ya mti iliyosagwa. Akajibu, "Aliniambia ni mti mzima, sista. Majani, magome na mizizi. Ndiyo maana una nguvu."

Mtoto alilazwa, akapewa chakula cha lishe na matibabu, na baada ya majuma kadhaa aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa anacheza. Lakini mpaka leo hatujui mfuko ule ulikuwa na unga wa mti gani. Unga hauna sura. Jani ukiliona utalitambua, tunda utalitambua, mbegu utaitambua. Vikishasagwa vyote vinafanana.

Ukoo wa mlonge

Wataalamu wa mimea wamehesabu aina 13 za mlonge duniani. Zote ni za ukoo mmoja ambao hauna mmea mwingine ndani yake. Wengi katika ukoo huu wanaishi Pembe ya Afrika, yaani Ethiopia, Somalia na kaskazini mwa Kenya. Wapo wanaoishi Bukini, ambako shina lao hunenepa kama chupa. Yupo anayeishi Namibia na kusini mwa Angola, na wapo wa Bara Hindi na wa nchi za kando ya Bahari ya Shamu.

Mlonge tuliouzoea sisi, ule uliopo nyuma ya nyumba na kwenye ua wa shule, asili yake ni kaskazini mwa India, chini ya milima ya Himalaya. Jina lake la kitaalamu ni Moringa oleifera. Huu ndio ambao Wahindi wanapika matunda yake mabichi kwenye mchuzi. Pia ndio uliofanyiwa utafiti mwingi zaidi kuliko ndugu zake. Ukisoma mahali kwamba "mlonge una madini ya chuma, protini na vitamini A", mara nyingi sana anayesemwa ni huyu.

Ndugu yake wa pili ambaye familia zetu zinaweza kukutana naye ni mlonge wa Ethiopia, Moringa stenopetala. Kwao ni kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Watu wa Konso, huko kusini mwa Ethiopia, wanaupanda kwenye matuta yao ya mawe pamoja na mtama, na majani yake ndiyo mboga yao ya kila siku. Matuta hayo ni maarufu kiasi kwamba mwaka 2011 eneo la Konso liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mbegu za mlonge huu zimesafirishwa na watu wa miradi, wamisionari na wageni, kwa hiyo siku hizi unaweza kuukuta mbali na kwao.

Namna ya kuwatambua ndugu hawa wawili

Tunaomba msomaji asome sehemu hii akiwa karibu na mti, kama anao.

Kwanza, tazama shina. Mlonge wa kawaida una shina la wastani, gome lake ni la kijivu na hukwaruza mkononi kama koki. Mlonge wa Ethiopia shina lake ni nene, limevimba upande wa chini kama mtu aliyeshiba, na gome lake ni laini, jeupe au la kijivu cha kung'aa. Unahifadhi maji kwenye shina hilo, ndiyo maana unavumilia ukame vizuri.

Pili, tazama jani. Jani zima la mlonge, tangu linapoanzia kwenye tawi, ni ujiti mrefu uliogawanyika, na kila mgawanyo umegawanyika tena, ukibeba majani madogo mengi. Kwenye mlonge wa kawaida majani hayo madogo yana urefu wa sentimita 1 hadi 2 tu, na yana umbo la yai. Kwenye mlonge wa Ethiopia ni makubwa zaidi, sentimita 3 hadi 6, karibu urefu wa kidole gumba. Ukiweka jani la huyu kando ya jani la yule, hata mtoto wa darasa la kwanza atakuonyesha tofauti.

Tatu, tazama tunda. Mlonge wa kawaida una tunda refu, jembamba, lenye pembe tatu, linaloning'inia kama kijiti cha kupigia ngoma. Likikauka hupasuka vipande vitatu. Tunda la mlonge wa Ethiopia huelekea kuwa jekundu lenye vumbivumbi la kijivu, na likiwa changa huwa limejisokota.

Nne, tazama mbegu. Mbegu ya mlonge wa kawaida ni ya mviringo, rangi ya kahawia hadi nyeusi, na ina mabawa matatu meupe, membamba kama karatasi. Ya mlonge wa Ethiopia ni ndefu na kubwa zaidi, rangi yake imepauka, nayo ina mabawa pia. Ukiletewa mbegu zisizo na mabawa kabisa, ngumu kama karanga, ukaambiwa ni mlonge, huenda ni za ndugu wa tatu, Moringa peregrina, anayeota Oman, Uarabuni na pande za Bahari ya Shamu. Huyo anajulikana zaidi kwa mafuta yake ya kujipaka. Majani yake madogo huanguka mti unapokua, vikabaki vijiti vitupu kama ufagio. Anayemtegemea kwa mboga atangoja sana.

Tano, hesabu muda. Mlonge wa kawaida ukipandwa kwa mbegu unaweza kutoa maua kabla ya kutimiza mwaka. Mlonge wa Ethiopia hukawia, mara nyingi hupita miaka miwili kabla ya kuona ua.

Kosa letu wenyewe

Alama hii ya tano tumejifunza kwa aibu. Tunaieleza hapa ili wengine wasirudie.

Mwaka 2016 tuliletewa mbegu na mgeni mmoja. Tukazipanda kwenye mifuko, zikaota vizuri, tukawagawia akina mama wa kliniki miche. Tuliwaambia ni mlonge. Hatukuwaambia ni mlonge gani, kwa sababu hata sisi hatukuwa tumetazama mbegu zile kwa makini. Tukawaahidi yale yale tuliyozoea kuahidi: "Baada ya mwaka mtaona matunda."

Mwaka ukapita. Bibi mmoja, ambaye alikuwa akilea wajukuu watatu, alikuja kutuambia kwamba mti wake ni tasa. Tukamwambia asubiri. Alisubiri msimu mmoja zaidi, kisha akaukata akapanda mgomba. Tulipokwenda kumtembelea tukakuta kisiki kinene, cheupe, na matawi yamerundikwa kando ya jiko kuwa kuni, yakiwa bado na majani makubwa yasiyonyauka. Ndipo tulipotambua. Ulikuwa mlonge wa Ethiopia, wenye afya, wenye majani ambayo wajukuu wangekula hata wakati wa kiangazi. Bibi alituambia kwa upole, "Wanangu, mngeniambia tu kuwa huu unakawia, ningengoja."

Hakuna aliyekufa kwa kosa hilo. Lakini nyumba ile ilipoteza mboga kwa sababu sisi, tunaovaa sare na kuitwa wataalamu, tulitoa jina bila kutazama mti.

Wanaofanana nao na wasiofaa kuchezewa

Wapo ndugu wengine wa mlonge ambao si miti mikubwa. Huko Pembe ya Afrika kuna mmoja ambaye ni kichaka kifupi chenye maua mekundu na kiazi kikubwa ardhini. Wafugaji wa huko hutumia mzizi wake kutibu matumbo ya ngamia na mbuzi. Wao wanamjua mmea wao, na wanajua wanachofanya. Lakini mtu akisikia kijuujuu kwamba "mzizi wa mlonge ni dawa ya tumbo", akarudi nyumbani na kuchimba mzizi wa mlonge wa nyuma ya nyumba ampe mtoto, hapo ndipo hatari inapoanza. Mizizi na magome ya mlonge wetu wa kawaida yana kemikali zinazoweza kudhuru, na tangu zamani yametumika kuharibu mimba. Mama mjamzito asiyaguse kabisa. Mtoto asipewe kabisa.

Tena kuna mti ambao si ndugu hata kidogo, ila majani yake humdanganya mtu anayetazama kwa mbali. Ni mti wa Melia, unaopandwa kwa ajili ya kivuli, wenye maua ya zambarau, ambao wengi wanauchanganya hata na mwarobaini. Matunda yake ni sumu kwa binadamu. Namna ya kuutambua ni rahisi: majani madogo ya Melia yana meno pembeni kama msumeno, na ya mlonge ni laini pembeni. Jani bichi la mlonge ukilitafuna huwasha kwa mbali kama figili. Likiwa chungu kama mwarobaini, litupe.

"Si yote yanaliwa?"

Wapo watakaotuuliza: kama majani ya mlonge wa kawaida yanaliwa na majani ya mlonge wa Ethiopia yanaliwa, kuna haja gani ya kusumbuka? Swali hili ni zuri, na tunalijibu bila kuzunguka.

Ni kweli majani ya wote wawili ni chakula. Watu wa Konso wameyala tangu enzi za mababu zao. Anayeupata mlonge wa Ethiopia amepata mboga nzuri, asiukate. Lakini kuna sababu tatu za kujua tofauti.

Sababu ya kwanza ni kwamba mkulima anayejua mti wake hudai kwake kile unachoweza kutoa. Anayetaka matunda ya mchuzi mapema apande mlonge wa kawaida. Anayekaa sehemu kavu na kutaka mboga ya kudumu anaweza kupanda wa Ethiopia, akavumilia.

Sababu ya pili ni kwamba sifa za mmoja si sifa za ukoo mzima. Kijana wa kwanza akifaulu mtihani, mdogo wake hapewi cheti. Kilichopimwa kwenye majani ya mlonge wa kawaida hakimhusu moja kwa moja ndugu yake, na hakihusu kamwe mzizi au gome.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa kwetu. Mtu aliyezoea kuuliza "huu ni mlonge gani, na ni sehemu gani ya mti?" si rahisi kudanganywa mnadani. Mama yule wa kliniki angeuliza swali hilo moja na kuelewa uzito wa jibu alilopewa, angerudisha mfuko ule na kununua karanga zake.

Maoni yetu

Kwa hiyo, wapendwa, haya ndiyo tunayoyapendekeza katika jumuiya zetu ndogondogo na katika vikundi vya akina mama.

Tusinunue unga wa mlonge kutoka kwa mtu ambaye hatujauona mti wake. Tunajua maneno haya yatawaudhi baadhi ya wauzaji, na miongoni mwao wapo waaminifu. Aliye mwaminifu hataona shida kutuonyesha mti, au kutuletea tawi lenye majani mabichi na mbegu zake. Hata kwenye meza zinazowekwa nje ya kanisa baada ya misa tungeomba sharti hilo lifuatwe.

Kila jumuiya ipande walau mti mmoja unaojulikana kwa hakika, na watoto wafundishwe zile alama tano. Mlonge unaota kwa mbegu na hata kwa kipande cha tawi. Mti wa nyumbani hauna bei.

Majani tuyachume machanga, tuyaoshe, tuyapike kama mboga nyingine, tena tusiyachemshe mpaka yafe. Anayetaka unga ayakaushe kivulini, kwa sababu jua kali huharibu vitamini, kisha ayasage mwenyewe. Kwa mtoto aliyekwisha kuanza kula, kijiko kidogo cha chai ndani ya uji kinatosha kuanzia, na uji huo uwe na karanga, maziwa, dagaa au maharage. Jani huongeza chakula, halishiki nafasi ya chakula. Mtoto anayepungua uzito aletwe kliniki mapema, asifichwe nyumbani kwa matumaini ya unga.

Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu anayetumia mlonge kila siku amweleze daktari wake, maana unaweza kushusha sukari na shinikizo pamoja na dawa alizopewa. Wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, au dawa za kifua kikuu, wasiache hata dozi moja kwa sababu ya mlonge wa aina yoyote ile. Tumewaona walioacha, na hatupendi kuwaona wengine.

Na wale wanaotumia mbegu kusafisha maji ya mtoni, tunawapongeza. Wanawake wa Sudan walioishi kando ya Mto Nile walikuwa wakisafisha maji kwa mimea, na mtafiti Samia Al Azharia Jahn alisaidia kuujulisha ulimwengu kazi ya mbegu za mlonge katika maji machafu. Mbegu iliyosagwa hushikanisha tope likazama chini. Mbegu za ndugu zetu hawa wawili zote hufanya kazi hiyo. Lakini maji meupe si lazima yawe maji salama, kwa kuwa vijidudu vingine hubaki. Yakishatulia yachujwe, kisha yachemshwe.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Bibi yule aliyekata mti hakuwa mjinga. Sisi ndio tulionyamaza pale tulipopaswa kusema. Tulimpelekea mche mwingine baadaye, safari hii tukiwa na jani mkononi na maelezo kamili. Ameupanda karibu na mgomba wake. Tulipopita mara ya mwisho ulikuwa na majani madogo ya umbo la yai, na maua meupe yenye manjano kidogo yalikuwa yameanza kuchanua. Mjukuu wake mkubwa alituzuia mlangoni akatuuliza, "Sista, mnajua huu ni mlonge gani?"

Tukamwambia atutajie yeye. Akatutajia.